Bi Magoti na Ukuta wa Wifi

Ofisini walimwita Bi Magoti, na jina hilo alilipata kwa jasho lake. Kila timu ya idara ya mipango miji ilipokwenda kukagua eneo, wenzake walisimama, wakapima kwa macho, wakapiga picha mbili tatu, kisha wakarudi garini kutafuta kivuli. Hapo ndipo yeye alipoanza kazi. Alishuka chini, akaweka magoti na viganja ardhini, akatambaa kando ya uzio na kupenya chini ya vichaka, kichwa chake kikiwa kwenye kimo kile kile cha mnyama aliyekuwa akimtafutia njia. Akikwama, alijua kwamba na mnyama angekwama. Akikwaruzwa na kipande cha bati, alikitoa hapo hapo. Alipotokeza upande wa pili, majani kichwani na tope kwenye viwiko, dereva wa ofisi alimwuliza:

"Bi Magoti, leo umepita kama nani?"

"Leo nungunungu," alijibu bila kucheka. "Kesho ni paa, nitavaa vizuri."

Suruali zake zote za kazi zilikuwa na viraka vya ngozi magotini. Alishonewa na fundi viatu, kwa kuwa cherehani za mafundi nguo zilivunja sindano kwenye ngozi ile. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, mwenye sauti ya chini na ukaidi usiolingana na sauti hiyo.

Hakuanza hivyo. Alipoajiriwa alikuwa binti wa kupaka ramani rangi. Siku hizo kompyuta za idara zilifungiwa ofisini kwa mkuu, na ramani zilipakwa kwa penseli: nyekundu kwa barabara, manjano kwa makazi, bluu kwa maji, kijani kwa misitu. Baada ya miaka kadhaa alitambua kitu kuhusu kopo lake la penseli. Nyekundu na manjano zilichongwa hata zikawa vipisi visivyoshikika, zikatupwa, zikaletwa nyingine. Ile ya kijani ilibaki ndefu, imesimama peke yake kama iliyosusa. Mwanzoni alichekeshwa na jambo hilo. Kisha siku moja alitandaza mezani ramani ya zamani kando ya ramani mpya, akaona kwamba msitu uliokuwa mmoja sasa ni vipande viwili vilivyotengwa na mji: kipande kidogo juu ya kilima katikati ya nyumba, na kipande kikubwa kule nje, ng'ambo ya barabara ya mzunguko. Hakucheka tena.

Alikwenda kumwuliza bwana misitu, mzee mwenye kikohozi aliyeshinda kwenye kibanda cha bati mguuni pa kilima.

"Paa wa huku juu wanaendeleaje?"

"Wanaendelea kuoana ndugu kwa ndugu," alisema bwana misitu. "Watafanyaje, mwanangu? Hawana pa kwenda kuposa. Mwaka huu nimeokota watoto wao watatu, miguu haina nguvu ya kusimama. Ukiwafungulia njia ya kwenda kwa wenzao kule nje, watapona. Usipowafungulia, wewe utazeeka hujawaona tena hapa."

Njia ya namna hiyo, inayounganisha misitu iliyotengana ili wanyama wapate kwenda na kurudi, huitwa ushoroba. Bi Magoti alilikuta neno hilo kwenye vitabu vya masomo ya jioni, aliyoyasoma kwa miaka mitano huku akifanya kazi mchana, na tangu siku hiyo hakuliacha. Alipomaliza masomo na kupandishwa cheo kuwa mpangaji miji, mpango wa kwanza alioupeleka kwa mkuu wa idara ulikuwa wa ushoroba: kutoka Msitu Mdogo wa kilimani, kushuka na kijito, nyuma ya uwanja wa shule, pembeni mwa kiwanda cha mbao, chini ya barabara ya mzunguko, hadi Msitu Mkubwa.

Mkuu wa idara, mtu mnene, mchapakazi, aliyependa mambo yaishe upesi, aliutazama mpango ule kwa muda mrefu.

"Sasa hawa paa," aliuliza, "watajuaje kwamba hii ndiyo njia yao? Tutawawekea kibao?"

"Watainusa, mkuu."

"Haya. Wewe hangaika. Mimi sijakukataza."

Kwa kauli hiyo tu, isiyokuwa ruhusa wala katazo, Bi Magoti alifanya kazi ya miaka tisa. Mwenye kiwanda cha mbao alimfukuza mara mbili na kumkaribisha chai mara ya tatu, akasogeza uzio wake hatua chache. Mwalimu mkuu wa shule alikubali nyasi za nyuma ya uwanja ziachwe zirefuke, sharti mpira ukipotea humo ofisi ya mipango inunue mwingine. Na ilinunua mingi. Wahandisi wa barabara ndio waliokuwa wagumu. Walikubali kupanua kalavati lililopitisha kijito chini ya barabara, lakini walipolimaliza walilitandika zege laini na kulifunga taa sita nzuri, kwa sababu hawakuwa wamewahi kujenga njia ya chini bila taa. Bi Magoti alitambaa ndani yake mchana kweupe, akatoka akiwa amefumba macho.

"Jamani, hawa hawaogopi vibaka," aliwaambia. "Wanaogopa mwanga. Zimeni, na mtandaze udongo."

Walizima, wakatandaza.

Ikabaki sehemu moja tu. Kati ya kiwanda cha mbao na shule palikuwa na safu ya nyumba ambazo nyua zake zilishuka hadi ukingo wa kijito, na kila ua ulikuwa na kuta za matofali ya saruji zilizoingia hadi majini. Mnyama aliyefika hapo hakuwa na pa kupita. Bi Magoti hakutaka kumhamisha mtu wala kuvunja kuta. Alichotaka ni tundu dogo chini ya kila ukuta, karibu na maji, kiasi cha paa kuinamisha kichwa na kupita. Lakini yalihitajika matundu yote. Ukuta mmoja ukibaki umezibwa, mengine yote hayana maana, na miaka tisa imepotea.

Katikati kabisa ya safu ile ilikuwa nyumba ya kaka yake, fundi bomba, na mkewe. Kwa hiyo Bi Magoti alidhani kwamba kazi ngumu imekwisha.

Mkuu alimwambia waziwazi yaliyokuwa hatarini. Kikao cha madiwani kingekaa mwisho wa mwezi uliofuata. Kama ushoroba ungekuwa wazi kutoka mwanzo hadi mwisho, ungepitishwa na kulindwa. Kama usingekuwa wazi, ukanda wote wa kijito ungepewa watu wa malori, waliokuwa wakiutamani kwa maegesho.

Basi Bi Magoti, akiwa amebanwa kwenye mkutano wa wahandisi, alimpigia simu mpaka rangi wa manispaa.

"Nenda pale nyuma ya kiwanda cha mbao. Kila ukuta unaogusa kijito, uwekee alama. Kesho nitapita nyumba kwa nyumba kuzungumza na wenyewe."

"Alama, Bi Magoti?"

"Alama, ndiyo. Ionekane vizuri."

Mpaka rangi alikuwa mtu mwaminifu. Alikuwa na kopo la rangi nyekundu, brashi pana, na kazi aliyoifanya kwa manispaa tangu ujana wake. Katika miaka yote hiyo manispaa ilikuwa imempa alama moja tu ya kuweka kwenye kuta za watu: X kubwa, na chini yake neno BOMOA. Akaiweka. Akaiweka kwa mkono uliotulia, herufi zote kimo kimoja, tangu ukuta wa kwanza hadi wa mwisho. Jioni alimpigia simu akiwa na fahari.

"Kazi imekwisha, Bi Magoti. Sikumruka mtu, hata wifi yako nimempa ya kwake."

"Umempa nini?"

"X yake. Nimeikoleza."

Papo hapo simu nyingine iliingia. Alikuwa kaka yake.

"Mdogo wangu," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayezungumza akiwa amejificha chooni, "umetubomolea nyumba?"

"Kaka, si hivyo. Ni makosa. Nakuja."

"Njoo. Lakini njoo umekula kabisa. Hapa leo hupewi hata maji."

Alipofika, mtaa mzima ulikuwa nje. Watu wanaijua X. Wanajua kwamba ikishawekwa ukutani, anayesubiri maelezo hufikiwa na tingatinga akiwa bado na milango yake. Kwa hiyo hawakusubiri. Jirani mmoja alikuwa juu ya paa anang'oa mabati yake mwenyewe. Mstaafu wa posta, mkazi wa nyumba inayopakana na ya kaka, alikuwa ameshang'oa mlango wa mbele na ameuegemeza kwenye mti, naye ameketi kando yake juu ya ndoo, kama msafiri anayelinda mzigo. Mwanamke mwenye mimba alikuwa akifunga vyombo kwenye shuka.

Bi Magoti alisimama katikati yao. Alisema kwa sauti yote aliyokuwa nayo, na haikuwa nyingi, kwamba hakuna nyumba itakayobomolewa, kwamba alama ile imewekwa kwa makosa, na kwamba makosa ni yake.

"Makosa yako," alisema mstaafu wa posta, "na mlango ni wangu."

Maneno hayo yalimchoma. Akamwendea, akashika upande mmoja wa mlango, akaita, "Kaka, bisibisi!" Wakaurudisha mlango wa mstaafu mahali pake, yeye na kaka yake, mwanga wa jioni ukiwaishia mikononi.

Wifi yake hakutoka nje. Alikuwa uani, mwanamke mfupi mwenye mabega ya kubebea, akimwaga pumba kwa kuku wake, amempa mgongo. Wawili hawa walikuwa wametaniana tangu siku ya harusi. Hapakuwa na mzaha ambao hawakuwahi kurushiana. Siku hiyo wifi hakurusha kitu.

"Wifi," aliita Bi Magoti.

"Karibu, mheshimiwa," alijibu wifi bila kugeuka. "Umekuja na tingatinga au limetangulia?"

Asubuhi iliyofuata Bi Magoti alirudi na galoni ya thina ya kuyeyushia rangi na brashi ya waya. Angeweza kumtuma mpaka rangi afute. Hata mpaka rangi mwenyewe aliomba atumwe, maskini, kwa kuwa hakulala. Alimkatalia. Alipiga magoti mbele ya ukuta wa kwanza, akaanza kusugua. Rangi nyekundu kwenye plasta mbovu haitoki kirahisi. Huingia kwenye vitundu, huacha kivuli cha waridi. Alisugua mpaka kidole gumba kikatoka lengelenge, na lengelenge likapasuka. Watoto walikuja kumtazama. Watu wazima walisimama mbali wakasema hili na lile. Kufika adhuhuri mstaafu wa posta alileta ndoo aliyoikalia jana, akaigeuza.

"Kaa juu ya hii. Magoti ni yako lakini yanatuuma sisi."

Ndipo mazungumzo yalipoanza. Akiwa anasugua, alieleza: habari za paa wa kilimani, watoto wao wasiosimama, msitu wa kule nje, kalavati lililozimwa taa. Hakuwaambia watu wajitolee kwa ajili ya wanyama. Aliwaambia tundu lenyewe ni dogo kiasi gani, litakuwa wapi, na kwamba nguzo na zege la kuimarisha ukuta vitatoka idarani. Jirani wa mabati alikubali, kisha mwanamke mwenye mimba, kisha mstaafu, aliyeuliza kama paa hubisha hodi. Siku kwa siku, ukuta kwa ukuta, safu nzima ikakubali.

Isipokuwa mmoja.

"Yangu usiifute," wifi alimwambia alipofika na brashi. Alikuwa amesimama mbele ya X yake, mikono kiunoni. "Iache hapo hapo. Nataka kaka yako aione kila asubuhi anapopiga mswaki, akumbuke ni ukoo gani ameniingiza."

Kaka, mswaki ukiwa kweli mdomoni, alitema povu. "Mimi simo," alisema, akaingia ndani.

"Wifi, nimekosa. Nimeshasema mbele ya mtaa mzima."

"Umesema kwa mtaa. Kwangu hujasema."

Bi Magoti aliweka brashi chini. "Wifi yangu, nimekosa kwako. Nilidhani wewe ni wangu tayari, sikuja kukuuliza. Nimeanza na watu baki nikakuacha wewe mwisho."

Wifi alishusha mikono. Kisha akasema, bila mzaha sasa:

"Nimekusikia. Na jibu langu ni hapana. Unawaona hawa?" Alionyesha kuku, waliokuwa wakichakura kila pembe ya ua. "Nilipofunga genge langu, hawa ndio walionisimamisha. Mtaa huu wote unakula mayai yangu. Nguchiro wamenilia vifaranga mara ngapi? Nimejenga ukuta huu kwa ajili yao. Sasa nikutobolee mlango wa kuwaingizia kabisa, niwatandikie na mkeka? Wewe unakaa ghorofani, wifi. Ukuta wako uko wapi nije nikuchoree tundu?"

Bi Magoti aliokota brashi yake, akaondoka. Usiku ule, kitandani kwake ghorofani, bado aliutafuta huo ukuta wake.

Alipomweleza mkuu wa idara, mkuu alifurahi, kwa kuwa jambo lilikuwa jepesi.

"Ukuta huo umeingia hifadhi ya mto. Sheria ipo. Wengine wamekubali kwa hiari, yeye peleka tingatinga asubuhi moja, tumalize. Kikao kinakaribia."

"Hapana, mkuu."

"Unamwonea haya kwa sababu ni wifi yako."

"Ni wifi yangu, ndiyo. Na wale wengine ni wifi za watu. Nimewaambia hakuna tingatinga. Na hata tukilipeleka, tundu la nguvu huzibwa kesho yake kwa jiwe moja, na mimi siwezi kukaa pale maisha yangu yote kuondoa mawe. Paa wanahitaji mtu anayetaka wapite."

"Na akikataa mpaka mwisho?"

"Basi tumeukosa."

Aliyasema hayo kwa utulivu. Alikuwa anazungumzia miaka tisa. Sijui ni wangapi kati yetu, tukiwa na sheria mfukoni na tingatinga nje, tungeiacha miaka tisa ilale mikononi mwa mtu aliyetukasirikia. Mkuu mwenyewe alilieleza tukio hilo baadaye kwa kila mfanyakazi mpya, na hakujisifu katika kulieleza.

Bi Magoti aliomba likizo. Akafungasha nguo chache, akaenda kwa kaka yake.

"Umekuja kufanya nini?" wifi aliuliza mlangoni.

"Nimekuja kukaa. Uliniambia sina ukuta, basi nimekuja kukaa kwenye wako."

"Chumba ni cha watoto."

"Watoto wananiita shangazi, hawatanikataa."

Wifi alimtazama juu mpaka chini, akasogea pembeni kidogo sana, kiasi cha mtu mwembamba kupita. "Kuku wanafunguliwa alfajiri," alisema. "Anayelala hapa anaamka."

Aliamka. Alifagia mavi ya kuku, alichota maji, alihesabiwa makosa yake ya kumwaga pumba. Hakutaja ushoroba hata mara moja, na jambo hilo lilimtia wifi wasiwasi kuliko kama angeutaja. Kaka alipita katikati yao akinyata kama mgeni nyumbani kwake.

Asubuhi ya nne, jua likiwa limechomoza tu, wawili hao walikuwa uani wakiokota mayai. Kuku walipiga kelele ghafla. Wote wawili waliinua vichwa. Juu ya ukuta, ule ule wenye X, nguchiro alikuwa akitembea taratibu, mkia umenyooka, kama mpangaji anayerudi kwake. Alikuwa ametokea kwenye tawi la mti wa jirani. Alipofika pembeni alishuka kichwa chini kwenye bomba la maji ya mvua, bomba ambalo kaka mwenyewe alilifunga, akaingia moja kwa moja kwenye upenyo wa banda.

Wifi alirusha ndoo. Nguchiro alitoka na yai mdomoni, akapanda bomba, akaondoka alikotoka.

Bi Magoti alikuwa na maneno mengi ya kusema wakati ule, na yote yalikuwa ya haki. Hakusema hata moja. Akaenda kuokota ndoo.

"Sema," wifi alimwambia.

"Sina la kusema."

"Unalo. Limekujaa mpaka masikioni. Sema."

"Nasema tutafute waya," alijibu Bi Magoti.

Walitafuta waya. Kwa siku tatu walijenga banda upya, wanawake wawili na fundi bomba mmoja aliyeambiwa kwamba sasa yumo. Nguzo zilikuwa vipande vya mabomba yake ya kazi zilizokwisha. Wavu waliuzika ardhini kiasi cha mkono kuingia hadi kiwiko, ili mwenye kuchimba achoke, na juu wakaufunika wote. Bomba la maji ya mvua lilihamishwa. Kisha, bila kuombwa, wifi alichukua kijiti akachora mstari mchangani, kutoka ukuta hadi ukuta, sambamba na kijito.

"Huku juu kwangu na kuku wangu. Kule chini kwa hao wako. Uzio upite hapa. Wakivuka mstari huu, nawapika."

"Nimekubali."

"Sijamaliza. Hilo tundu ukubwa gani?"

Bi Magoti alianza kueleza kwa mikono, akapiga magoti kuonyesha. Wifi alimtazama, akatikisa kichwa, akaingia ndani, akatoka na beseni la kufulia. Akaliegemeza ukutani kwa ukingo wake, nusu juu, nusu akaifunika kwa mkono.

"Hivi?"

Bi Magoti alilala kifudifudi, akatazama kwa kimo chake cha paa. "Hivyo hivyo."

Wifi alichora nusu duara kwa mkaa kuzunguka beseni, akadai nyundo na tindo kwa mumewe, na tofali la kwanza alilitoa yeye. Alipopumzika, jasho likimtiririka, kaka alichukua brashi ya waya kwenda kufuta ile X.

"Acha," alisema mkewe. "Hiyo ni yangu na wifi yangu. Wewe si ulisema humo?"

Beseni lilizunguka safu nzima. Kila nyumba ilipotoboa, walikuja kuliazima, kwa hiyo matundu yote yakawa ya kimo kimoja, na kwa siku kadhaa wifi alifulia kwenye ndoo. Kikao cha madiwani kilipokaa, ushoroba ulikuwa wazi kutoka mwanzo hadi mwisho. Diwani mmoja alitaka kuhakikisha, Bi Magoti akamwomba aje apige magoti pamoja naye. Diwani alisema anaamini. Ukanda ukapitishwa.

Baada ya hapo hakikupita kitu.

Wiki zilipita, mvua ikaja ikaondoka, na kwenye mchanga laini waliotandaza penye matundu zilionekana nyayo za paka na za watoto. Ofisini walimchokoza: "Bi Magoti, wageni wako wamepata ruhusa ya kusafiri?" Alicheka nao. Lakini dereva alimwona mara nyingi, wakati wa chakula, akiwa amesimama dirishani upande wa kilima, kikombe kimepoa mkononi. Mtu anaweza kufungua njia. Hawezi kumwamrisha mwenye miguu minne aipite.

Asubuhi moja alikuwa kwenye mkutano na wahandisi walewale, wanabishana juu ya mtaro, simu yake ilipolia. Alikuwa wifi. Kwa kawaida wifi huzungumza na simu kama anayemwita mtu ng'ambo ya mto. Safari hii alinong'ona.

"Wifi. Nyamaza."

"Sijasema kitu."

"Basi nyamaza hivyo hivyo. Yupo hapa."

Bi Magoti alisimama. Wahandisi wakanyamaza nao, bila kujua wananyamazia nini.

"Kichwa kimeingia," sauti ilisema. "Ana macho, jamani, kama ya mtoto wa kuamshwa. Ana vipembe. Ananitazama. Nimeshika shuka bichi, nifanye nini?"

"Usifanye kitu. Shika shuka lako."

Upande wa pili lilisikika shuka likidondosha maji, kuku mmoja akilalamika ndani ya wavu, pumzi ya mwanamke anayejizuia kupumua. Bi Magoti, mbele ya wahandisi, alikuwa amekwenda chini taratibu bila kujijua, goti moja sakafuni.

"Ameingia mwili wote," wifi alinong'ona. "Anatembea. Anapita upande wake wa mstari, wala haangalii huku. Amefika tundu la kwa mstaafu. Ameinama." Kuku yule alilalamika tena. "Amepita, wifi. Amepita."

Bi Magoti aliweka goti la pili sakafuni. Alifuta uso kwa mkono wa shati.

"Upo?" wifi aliuliza, sauti imeanza kurudi ukubwa wake.

"Nipo."

"Kuna mwingine nyuma yake, kichwa ndani, mwili nje, hajaamua. Hebu mwambie afanye haraka. Nina nguo za kuanika."